Tanki Bila Ngori

Wasee wengi wakiingia duka ya samaki wanashikwa na rangi. Macho zinaenda direkti kwa wale blu na yelo wenye mistari, msee anatoa ganji, anafungiwa kwa karatasi, na wiki haijaisha wenyeji wa tanki hawana mikia. Huyo mrembo mara mob ni mbuna, wa Ziwa Malawi, lile wabongo wanaita Nyasa. Sura iko, ubaya hakuna, ila mbuna anashikilia jiwe lake vile makanga anashikilia steji. Ukisonga karibu unachapwa. Anafugika, lakini ni ya msee amezoea, na tanki ya hao wenyewe. Kwa bedsita ya Umoja, lita 60 kando ya TV, hiyo ni ngori umenunua na doo yako.

Kabla ya rangi, jua maji yenu inatoka wapi. Mfereji ikileta ya dam ya Ndakaini, hiyo ni laini, na neoni tetra ataskia vizuri juu kwao Amazon maji ni laini pia. Lakini kama ploti yenu ni ya maji ya chumvi, ile hata chai inaikataa, wachana na tetra. Chukua gapi, plati ama moli. Hao madini haiwasumbui.

Gapi kila mtu anakushow uanze naye, na si uongo. Ni wapole, ni wadogo, na hawachagui dishi. Kasheshe yao ni kuzaa. Dem wa gapi anabebanga ball kama mwezi hivi, watoto wanatoka tayari wakiogelea, na anaeza weka mbegu za chali kwa mwili miezi kadhaa. Hata umnunue akiwa solo, anaeza kukupea familia. Hutaki msongamano? Beba machali peke yao, na si ndio wako na mikia safi. Ukichanganya, kila chali awe na madem wawili ama watatu, juu akiwa na mmoja atamfuata huku na huku mpaka dem achoke kabisa.

Neoni tetra na danio ni wa mbogi. Ati unanunua wawili ndio usave? Tetra atajificha nyuma ya majani rangi ikipotea, na danio ataanza kung'ata wenzake. Sita kwenda juu. Huko chini weka koridorasi, kasamaki ka masharubu, ndugu wa mbali wa yule mumi wa Kisumu. Pia hao sita, na mchanga iwe laini, kokoto kali inawakata sharubu. Usishtuke akichomoka mbio juu, avute hewa, arudi chini. Hivyo pia anapumuanga.

Kuna wenye nawaruka bila kufikiria mara mbili. Goldifishi ni wa maji baridi, anachafua, na anamea kupita sentimita 20. Oska unauziwa akiwa saizi ya kidole, anafika 30, na neoni zako zote ni sapa. Pleko ndio hunikasirisha, juu anauzwa kwa jina ya "fagio ya tanki" na hakuna mtu hukwambia atapita sentimita 30 na atakunya kushinda vile anafagia. Beta naye ni poa, huko Thailand walimfanya mnyama wa maji wa taifa 2019, ila chali ni mmoja kwa tanki. Wawili watauana.

Sasa dukani. Usianze na bei. Simama kwa glasi ucheki tanki yote, si samaki mmoja. Kukiwa na mwenye amededi kwa kona, ishia, juu wote wanakunywa maji moja. Mapezi inafaa iwe wazi. Samaki ameyakunja mwilini ako mgonjwa. Vidoa vyeupe saizi ya punje ya chumvi ni vimelea, na hata wale wanakaa safi hapo ndani washaguswa. Tumbo imeingia ndani ni njaa ama minyoo. Mavi nyeupe, refu kama uzi, pia kataa. Cheki akipumua: matamvua ikipiga mbio na amekwama juu ya maji, ako na shida.

Halafu mwambie muuzaji awape dishi ukiona. Samaki mzima anakimbilia. Buda akianza hadithi ati wameshakula, uliza walifika lini. Kama ni jana, mwambie utarudi wiki ijayo. Muuzaji wa ukweli hakasiriki, na wenye watakuwa bado hai ndio wa kubeba.

Usinunue tanki na samaki siku moja, hata ukibembelezwa aje. Uchafu wao unatoa amonia, na bakteria wa kuimaliza wanachukua wiki 4 mpaka 6 kushika kwa filta. Bila hao, samaki anaungua ndani ya maji inakaa safi. Klorini ya mfereji nayo iko na dawa yake, matone tu. Ukifika keja, acha karatasi ielee kama dakika 20, vua samaki na kawavu, maji ya duka umwage kwa sinki.

Wasee wa Mombasa hawana stori na hita. Nairobi Julai usiku ni baridi mbaya, na hawa wanataka digrii 24 hadi 27. Hita ya wati 50 hata ikiwaka siku mzima ni yuniti 1.2, tokeni haitaisha juu yake. Stima ikipotea, funga tanki na blanketi na usiwape dishi mpaka irudi, juu filta imelala na uchafu hauna pa kwenda.