Kisanduku cha NIDA: Elm, PureScript au Phoenix?

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa ikianza na mwaka. Mmoja huiandika kwa vistari, mwingine huacha nafasi, mwingine huimwaga yote kwa mkupuo. Kisanduku cha kuipokea lazima kiondoe vistari na nafasi, kihesabu tarakimu, kihakikishe zile nane za mwanzo ni tarehe iliyomo kwenye kalenda, kisha kimweleze mjazaji alipokosea. Niliwahi kurithi mfumo wenye fomu nne ambao ukaguzi huo ulinakiliwa mara nne. Fomu tatu zilikubali vistari. Ya nne ilivikataa, na watu wenye namba halali kabisa waliishia kuambiwa "si sahihi" bila maelezo. Tangu siku hiyo, nikipima lugha ya kujengea fomu, nauliza kwanza: kisanduku hiki nitakiandika mara ngapi?

Lugha za funksheni zimelishughulikia swali hilo kwa muda mrefu. Mwaka 2008 Ezra Cooper, Sam Lindley, Philip Wadler na Jeremy Yallop wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walieleza namna ya kukifanya kipande cha fomu kuwa thamani kama ilivyo namba au neno: unganisha vipande viwili upate fomu kubwa, na majina ya visanduku yanajitunga yenyewe yasigongane. Leo wazo la kuunganisha vipande linakuja kwa sura mbalimbali. Nimeziweka tatu mezani: Elm, PureScript pamoja na maktaba yake ya kujengea kurasa, Halogen, na Elixir pamoja na Phoenix LiveView. Zote ni za bure. Utalipia muda wa kujifunza, bando la mjazaji, seva, na kazi ya kurudia.

Nianze na Elm, kwa kuwa ndiyo ninayoipenda. Kisanduku cha NIDA ndani yake ni funksheni mbili tu. Moja huchora. Nyingine hupokea maandishi na kurudisha ama Ok yenye namba iliyosafishwa, ama Err yenye ujumbe. Mtu akiandika 19900231 mwanzoni mwa namba yake, anaambiwa papo hapo kwamba Februari haina tarehe 31. Kompaila nayo haikuachii: ukisahau kushughulikia Err, programu haijengeki, na inakuonyesha mstari wenye tatizo kwa maneno ambayo hata mwanagenzi atayafuata. Na kila fomu ikiita funksheni hizo hizo mbili, fomu nne zisizokubaliana zisingenipata.

Ila Elm ina bei yake. Mgeni hutaka kila kisanduku kiwe na hali yake na ujumbe wake, na fomu ya visanduku kumi na viwili inageuka msitu wa nyaya. Dawa ni kuwa na ujumbe mmoja wa kubadili kisanduku chochote, hali yote ikae mahali pamoja, na kinachotumika tena kiwe funksheni. Pili, tangu toleo la 0.19 la mwaka 2018, huwezi kuita JavaScript moja kwa moja. Ukitaka kalenda ya kuchagulia tarehe iliyokwisha kutengenezwa, utaipitisha kwenye milango maalumu, na hilo linaweza kukulia siku nzima. Toleo la 0.19.1 lilitoka Oktoba 2019, na baada yake lugha imetulia mno. Wapo wanaoogopa utulivu huo. Mimi naupenda, kwa sababu fomu za usajili huishi miaka mingi na sitaki kuziandika upya kila lugha inapobadilika.

Kuna gharama nyingine ambayo wengi huisahau. Ukaguzi unaofanyika kwenye simu ya mjazaji hauaminiki, maana yeyote anaweza kuukwepa, hivyo seva lazima ikague tena. Ukitumia Elm, kwa kawaida utaandika sheria ya NIDA mara mbili, katika lugha mbili. PureScript inapunguza mzigo huo kwa kuwa msimbo uleule unaweza kukimbia kwenye kivinjari na kwenye seva kupitia Node. Pia inaita JavaScript bila vizuizi, na mfumo wake wa aina unakuwezesha kueleza visanduku vyote vya fomu mara moja, kisha makosa na matokeo yafuate umbo hilohilo. Mlima wake ni kujifunza. Ujumbe wa makosa unaweza kujaza skrini, na kama kikosi hakina mtu aliyepitia Haskell, tenga miezi, si wiki.

Phoenix LiveView inahamishia kazi kwenye seva. Sheria ya NIDA inaandikwa mara moja, na kisanduku kinachochorwa kwa funksheni moja kinaitwa na kila fomu. Lakini kila aliyefungua ukurasa ana mchakato wake unaokula kumbukumbu ya seva, na maandishi husafiri kwenda kukaguliwa kadiri anavyoandika, isipokuwa uweke muda wa kusubiri. Mtandao ukikatika, ukaguzi unanyamaza. Ukirudi, fomu iliyoandaliwa vizuri hutuma tena yaliyokwisha kujazwa. Kwa karani aliyeunganishwa na waya ofisini, hakuna shida. Kwa mama aliyesimama kituo cha daladala na bando la shilingi mia tano, ni shida kweli.

Kwa hiyo fomu ya umma inayojazwa kwa simu naipa Elm, na nakubali kuandika sheria ya NIDA mara mbili. Fomu za ndani ya ofisi nazipa Phoenix bila kusita. PureScript ningeichukua pale tu fomu zinapofika ishirini na kikosi tayari kinaijua. Na kwa yoyote kati ya hizo, siku ya kwanza ningeandika kisanduku cha NIDA peke yake, nikijaribu kwa namba yenye vistari, yenye nafasi, yenye tarakimu 19, na ile ya Februari 31, kabla sijagusa fomu yenyewe.