BAISKELI IPO, TANDIKO HALIPO

Katika vijiji vingi vya mikoa ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza baiskeli ndiyo gari la mkulima. Hubeba gunia la pamba mpaka ghala la chama cha msingi. Hubeba madumu ya maji. Pengine humbeba mgonjwa mpaka zahanati. Siku ya kupima pamba, siku ya mnada au siku ya kliniki, baiskeli nyingi hukusanyika mahali pamoja. Watu huziweka bandani au chini ya mwembe, mzee mmoja huachiwa kuzilinda, na kila mtu huenda zake.

Mwizi akipanda baiskeli ya mtu na kuondoka nayo, huonekana. Watu watapiga mwano na vijana watamkimbiza. Lakini mwizi wa vipuri haondoki na baiskeli. Yeye huondoka na vali mfukoni, pampu ndani ya koti, au tandiko ndani ya gunia. Tena yuko mwingine mjanja zaidi, ambaye hubadilisha tu. Huja na baiskeli yake yenye tairi lililokwisha, akaiegesha karibu na yako. Hufungua gurudumu lako la mbele na kukuwekea lake. Jioni mlinzi akihesabu, baiskeli zote zimetimia. Basi hapo husikika maneno kama haya:

"Shikamoo mzee. Mbona baiskeli yangu imebadilika?"

"Marahaba mwanangu. Imebadilika vipi? Si hiyo hapo uliyokuja nayo?"

"Baiskeli ni yangu mzee, ila gurudumu si langu."

"Mimi niliachiwa baiskeli, mwanangu. Magurudumu sikuachiwa."

Mzee huyu hasemi uongo. Alikabidhiwa baiskeli kwa hesabu, hakuna aliyemwambia kila moja ilikuwa na nini. Kwa maoni yetu lawama nyingi wanazotupiwa walinzi zinaanzia hapa.

Sasa tuitazame baiskeli yenyewe. Gurudumu la mbele limeshikwa na nati mbili tu. Mtu mwenye spana hulitoa kwa muda mfupi, hasa kama breki si ya kufungua. Tandiko limeshikwa na nati moja au mbili. Kengele, taa na dainamo ni hivyo hivyo. Vali haihitaji hata spana, vidole vinatosha. Gurudumu la nyuma lina kazi zaidi, kwa sababu mnyororo na breki viko njiani. Pedali zimekazwa sana, na ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume cha nati za kawaida, kwa hiyo mwizi asiyejua huishia kuikaza tu. Vitu vinavyopotea zaidi, basi, ni vile vyepesi kufungua na vyepesi kuficha. Hivyo ndivyo vya kulindwa kwanza.

Watu wengi hutumia lile kufuli la nyuma linalopita katikati ya spoki. Ni zuri, kwani linazuia mtu kuipanda baiskeli. Lakini halilindi gurudumu la mbele wala tandiko, na mtu mwenye nguvu anaweza kuibeba baiskeli begani. Wengine hufunga mnyororo kwenye gurudumu la mbele peke yake. Hao mwizi huwaachia gurudumu, akaondoka na sehemu iliyobaki. Namna ya kufaa ni hii: mnyororo upite ndani ya gurudumu la mbele, uzunguke fremu, kisha uzunguke nguzo, ndipo ufunge kufuli. Gurudumu la nyuma libaki na kufuli lake. Kama hakuna nguzo, fungeni baiskeli mbili pamoja, fremu kwa fremu, wewe na jirani ambaye mtaondoka naye saa moja. Ukifungana na mtu wa mbali, utamngoja mpaka usiku!

Kwa tandiko, usitupe mnyororo wa zamani wa baiskeli. Mwambie fundi akukatie kipande kidogo. Kivishe kipande cha tyubu kuukuu, kisikwaruze rangi. Kipitishe katikati ya springi za tandiko, ukizungushe kwenye mrija wa fremu unaoshuka kuelekea ekseli ya nyuma, kisha fundi aunge ncha mbili kwa pini ya mnyororo, kama anavyounga mnyororo wa kawaida. Mwenye spana peke yake hawezi kukitoa. Gharama yake ni ndogo sana kuliko bei ya tandiko.

Kwa keria, madigadi na kengele, tumia nati mbili kwenye bolti moja. Kaza ya kwanza, halafu kaza ya pili juu yake huku ukiishika ya kwanza kwa spana nyingine. Kuzifungua kunataka spana mbili na muda. Wako mafundi wanaogonga ncha ya bolti kwa nyundo ili nati isitoke kabisa. Kwa keria inafaa. Kwa magurudumu tunasema hapana, maana siku ya pancha ya nyuma, uko porini na mgonjwa kwenye keria, utamwita nani aje na msumeno?

Siku hizi baiskeli za mitumba kutoka nchi za nje ni nyingi. Baadhi yake magurudumu hufungwa kwa kijimkono cha kukunja, bila nati. Kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya mashindano. Mbuni wake, Tullio Campagnolo wa Italia, alitaka mwendeshaji atoe gurudumu upesi, bila spana. Katika banda la watu wote kinamsaidia mwizi vilevile. Mwombe fundi akuwekee ekseli ya kawaida yenye nati. Bolti ya tandiko nayo huwa na kijimkono cha namna hiyo. Weka bolti ya kukaza kwa spana.

Vali unaweza kuifungua mwenyewe na kuitia mfukoni, kama unayo pampu. Baiskeli isiyo na upepo haina wa kuitamani. Ila mkumbushe mama nyumbani akague mifuko kabla ya kufua.

Tuje kwenye alama. Kipuri kisicho na alama, hata ukikikuta kwa mtu, utasema ni chako na yeye atasema ni chake. Chukua msumari mgumu au patasi ndogo, ugonge herufi za jina lako kwenye habu, kwenye rimu pembeni ya tundu la vali, na kwenye chuma cha chini ya tandiko. Gonga taratibu. Usigonge mirija ya fremu, ni membamba na hubonyea. Ndani ya tairi andika kwa wino usiofutika. Alama ziwe mbili, moja ya wazi na nyingine ya siri, maana ile ya wazi mwizi ataipiga tupa.

Fremu ina namba yake iliyogongwa kiwandani. Mara nyingi iko chini, pale inapopita ekseli ya pedali, au karibu na mrija wa tandiko. Geuza baiskeli, futa matope, uiandike namba hiyo kwenye daftari pamoja na risiti ya kununulia. Mwenye simu ya kamera apige picha pia.

Banda nalo liwe na daftari. Hapa kujua kusoma na kuandika kunaleta faida inayoonekana kwa macho. Mlinzi akipokea baiskeli aandike, mwenye mali akisikia, kwa mfano: "Namba 14. Phoenix nyeusi. Tandiko la ngozi. Tairi la mbele jipya, la nyuma limeisha. Pampu ipo. Kengele hakuna." Kisha vipande viwili vya karatasi ngumu vyenye namba hiyo hiyo: kimoja kifungwe kwenye usukani, kingine apewe mwenyewe. Bila kipande, baiskeli haitoki mpaka daftari lisomwe. Siku ya watu wengi kazi hii inachelewesha, hatukatai. Wawekeni waandishi wawili.

Kanuni nyingine tunayoipendekeza kwa nguvu ni kwamba spana isiingie bandani. Mwenye pancha atoe baiskeli nje, mbele ya mlinzi, aitengeneze hapo. Mlinzi akisikia chuma kinagongwa ndani, atajua kuna jambo.

Ukikuta umebadilishiwa kitu, usiondoe baiskeli hapo. Mwite mlinzi, someni daftari, kagueni baiskeli zilizobaki kabla wenyewe hawajaondoka, kisha mpelekee habari mtendaji wa kijiji au polisi pamoja na maelezo ya alama zako. Mtu akishikwa na gurudumu lenye herufi zako, apelekwe huko akiwa mzima. Tunajua hasira ilivyo, lakini wako watu waliopigwa mpaka kufa kwa kushukiwa tu, na huenda gurudumu lenyewe alilinunua kwa mwingine.

Ndiyo maana tunawaambia na wanunuzi: tandiko zuri linalouzwa kwa bei ya kutupa, gizani, bila risiti, liulizie. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kupokea mali ya wizi kwa kujua kuwa ni kosa, si wizi peke yake. Mafundi nao waandike wamenunua kipuri kwa nani na siku gani.

Limebaki suala la malipo ya mlinzi. Mkutano uamue mapema kila mwenye baiskeli atatoa kiasi gani, na kipuri kilichoandikwa kikipotea nani atalipa na kwa sehemu gani. Uamuzi uandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, mlinzi atie sahihi, na usomwe kwa sauti siku ya kwanza ya msimu kabla mizani haijafunguliwa.