Maji ya Juu na ya Chini ni Mamoja: Wajibu wa Biashara Ndanda, Masasi na Newala

Na Mwandishi Wetu

Mvua inayonyesha Newala, juu ya uwanda wa Makonde, haikai sana juu ya ardhi. Udongo wa kichanga huimeza, ikashuka taratibu hadi kwenye miamba, kisha ikatokeza kama chemchemi kwenye miteremko na mabonde, yakiwemo ya Ndanda wilayani Masasi. Kwa sababu hiyo, vizazi vingi vya wakazi wa uwandani walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Leo maji ya chanzo cha Mitema hupandishwa kwa pampu, na huduma ya eneo hilo imejumuishwa katika Mradi wa Maji wa Miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa masharti nafuu kutoka Serikali ya India.

Kwa mwenye biashara, hali hiyo ina maana kubwa. Anayefyeka miti uwandani hupunguza maji yanayopenya ardhini kwenda kulisha chemchemi za chini. Anayemwaga mafuta au kemikali juu huweza kuyachafua maji atakayokunywa jirani yake aliye bondeni. Na anayepoteza lita moja Newala amepoteza pia nishati iliyotumika kuipandisha.

Matumizi ya maji hayalingani kwa athari. Ndanda, ambako misheni ya Wabenediktini ilianzishwa mwaka 1906, maji ya mteremko yamewahi kuzungusha mtambo mdogo wa umeme. Maji ya aina hiyo hurudi kijitoni karibu yote. Maji ya kuoshea magari au vyombo hurudi, lakini yakiwa machafu. Maji ya kumwagilia bustani au kufyatulia matofali kwa sehemu kubwa hayarudi, bali hupotea hewani. Hivyo mfanyabiashara hana budi kujiuliza maswali mawili: anachukua kiasi gani, na anarudisha nini.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inatamka kuwa maji yote ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Katika ugawaji, mahitaji ya majumbani hutangulia, yakifuatiwa na mahitaji ya mazingira, ndipo shughuli za kiuchumi. Mwenye kuchepusha kijito au kuchimba kisima kwa ajili ya biashara anatakiwa kuwa na kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwa eneo hili ni Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Anayetiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji naye anahitaji kibali chake. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa.

Baada ya kutimiza sheria, hatua ya kwanza ni kupima. Dira ya maji isomwe jioni shughuli zinapofungwa na asubuhi kabla hazijaanza. Namba ikiwa imesogea ilhali hakuna aliyetumia maji, kuna bomba linalovuja. Uvujaji wa lita 1 kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku, sawa na ndoo 72 za lita 20.

Hatua ya pili ni kutumia maji zaidi ya mara moja. Nyumba ya wageni inaweza kuyatumia maji ya kusuuzia mashuka kusafishia sakafu. Kiwanda cha kubangua korosho kinachotumia mvuke kinaweza kuukusanya ukishapoa na kuurudisha kwenye boila. Sehemu ya kuoshea magari inahitaji sakafu ngumu na shimo la kutenganishia mafuta, kwa kuwa udongo wa kichanga hauchelewi kuyapitisha.

Hatua ya tatu ni kuvuna mvua. Kila milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ya paa ni lita 1 ya maji. Ghala la korosho lenye paa la mita za mraba 500 linaweza kupokea lita 50,000 kutokana na milimita 100 tu za mvua. Yapo yatakayopotea, na maji ya kwanza yanayosafisha paa hayana budi kumwagwa. Hata hivyo, yanayobaki hupunguza mahitaji ya bomba katika miezi ya kiangazi.

Mwisho, wafanyabiashara wanahimizwa kushirikiana na Jumuiya za Watumia Maji katika kupanda miti rafiki wa maji na kulinda miteremko. Chemchemi ikikauka, mwenye mtaji huweza kununua maji kwa boza. Mama wa kijijini atarudi kutembea umbali ule ule waliotembea bibi zake.