Kabla watoto hawajapanda gari, kagua matairi

Ukisafiri na watoto wakati wa likizo, ukipita Mazinde kuelekea Same na Moshi, jua huwa kali na lami huchemka. Juni 28, 2025, kwenye barabara hiyohiyo, eneo la Sabasaba, Same, basi na Coaster viligongana na kuwaka moto. Zaidi ya watu 35 walifariki. Taarifa ya Ikulu ilieleza kuwa tairi la basi lilipata pancha, dereva akashindwa kulimudu.

Mzazi, tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka, hupata joto, mwisho hupasuka. Pima upepo asubuhi, matairi yakiwa yamepoa. Kiwango sahihi kimeandikwa pembeni mwa mlango wa dereva. Usisahau spea.

Soma pia tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. La mtumba linaweza kung'aa ilhali mpira umezeeka.

Mwisho, watoto wakae nyuma, wafunge mikanda. Usimpakate mtoto kiti cha mbele; breki ya ghafla ikipigwa, mikono yako haitamzuia.