Bonde si Korongo: Majina Yanapomponza Msafiri

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyonena wahenga, na sidhani upo msemo unaokiukwa zaidi katika biashara ya utalii nchini. Humu hata kilicho chema hutembezwa, tena kwa maneno yasiyo yake, hata mnunuzi anapofika hukitazama akakiona kibaya.

Mfano ninao. Mnamo Januari 2023 niliandamana na walimu kadhaa wa shule za upili kuupanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, upande wa mashariki. Kampuni iliyotupeleka ilikuwa imetugawia kijikaratasi cha matangazo. Humo tuliahidiwa korongo lenye kuta zinazokaribiana hata mbingu ikaonekana kama utepe, maporomoko yanayonguruma mchana kutwa, na vilele vilivyovikwa theluji. Tulilipa, tukafunga mizigo.

Safari yenyewe haikuwa ya mzaha. Lango la hifadhi liko takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Vichuguu vya nyasi vilivyolowa umande vilitutegua miguu. Usiku maji yaliganda chupani. Mwalimu mmoja alipatwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, ikabidi ateremshwe na mpagazi kabla hali haijamzidi. Siku ya pili tulisimama ukingoni mwa jabali liitwalo The Temple. Mita zipatazo 300 chini yetu ziwa Michaelson lilikuwa limetulia kama sahani, na bonde pana likienea kuelekea mashariki. Wenzangu walitazama, kisha wakatazamana.

"Sasa korongo liko wapi, Daktari?" mmoja wao aliniuliza.

Swali hilo, msomaji mpendwa, si la jiografia pekee. Ni swali la lugha. Ramani za Kiingereza huliita bonde hilo Gorges Valley, na aliyeandika kijikaratasi alilichukua jina hilo akalifasiri neno kwa neno bila kupanda kujionea. Korongo huchimbwa na maji. Mto hukata mwamba kwenda chini, kingo zikasimama wima na kubanana, mfano wa herufi V. Bonde tuliloliona lilichongwa na mto wa barafu zama za kale. Barafu hukwangua chini na kando kwa pamoja, ikaacha sakafu pana na kuta zilizoachana, mfano wa herufi U. Bonde hilo halikuwa na kasoro yoyote. Lilikuwa limevishwa kanzu ya mwenziwe.

Anayetaka korongo la kweli asipande Mlima Kenya. Na aende Ol Njorowa, karibu na Naivasha, ambako maji yalikata mwamba hadi kuta zikakaribiana. Nako huko maana ya neno ni suala la uhai na mauti. Mafuriko ya ghafla yaliwaua watu humo mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Anayejua korongo ni nini hujua pia kwamba mvua ikinyesha mbali, maji yatapita hapo alipo, wala hapana pa kukimbilia. Neno lililofundishwa vyema lina onyo ndani yake.

Tazama pia majina mengine ya njia ile: Ellis, Michaelson, Hall, Vivienne. Hayamwambii mpitaji lolote kuhusu maji, mwamba au mimea. Mto uutokao bonde hilo, kinyume chake, ungali ukiitwa Nithi, na jina hilo limedumu hata likaingia katika jina la kaunti ya Tharaka-Nithi. Wenyeji walioishi na mto hawakuhitaji kijikaratasi.

Lakini jina linalonisumbua zaidi ni la mlima wenyewe. Mnamo Desemba 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, aliuona mlima huu kutoka Ukambani. Jina alilolisikia kwa wenyeji wake Wakamba ndilo lililozaa jina la nchi yetu. Maelezo yanayosimuliwa sana hulihusisha na mbuni dume, ndege mwenye manyoya meusi na meupe: weusi ni mwamba, weupe ni theluji. Wasomi wa Ulaya walimkejeli Krapf, wakishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Leo mbuni huyo ananyonyoka. Barafu kubwa kuliko zote mlimani, iitwayo Lewis, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Vilele tulivyoviona asubuhi ile vilikuwa mwamba mweusi, na mikwaruzo michache ya weupe. Hata hivyo, katika insha za wanafunzi ninazozisoma, Mlima Kenya ungali "umevaa kilemba cheupe cha theluji" mwaka nenda mwaka rudi. Mwanafunzi aliyezaliwa Chogoria, anayeuona mlima kila alfajiri, huandika alichokariri na kukiacha anachokiona.

Hapo ndipo hasara ilipo. Fedha za kijikaratasi ni kitu kidogo. Taifa linaloeleza milima yake kwa maneno ya kukariri halitatambua siku milima hiyo itakapobadilika, kwa kuwa insha zitabaki vilevile. Mito inayoshuka kutoka huko ndiyo inayonywesha mashamba na miji yetu.

Walimu wenzangu, watoeni wanafunzi darasani. Si lazima wafike mita 4,000. Mtaro ulio nyuma ya shule unatosha. Waulizeni: hili ni bonde, korongo, genge au mfereji tu? Wazee wa hapa hupaitaje? Kisha waandike walichokiona, hata kama hakina kilemba. Nanyi wanafunzi, msiogope kuandika kwamba mlima ni mweusi. Anayetoza marks kwa kilemba kisichokuwapo ndiye anayepaswa kwenda kuutazama.