Je, Wajua? Mboji Hujipasha Moto Bila Kiberiti

Rundo la majani, samadi na mabaki ya jikoni likipangwa vizuri na kunyunyiziwa maji linaweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi ndani ya siku chache. Halihitaji moto wala jua. Joto hilo hutoka kwa mabilioni ya bakteria wanaokula.

Mti ndio kipimajoto. Wakulima wengi wa Afrika Mashariki huchomeka mti mrefu katikati ya rundo. Huuchomoa baada ya siku chache na kuushika. Ukiwa wa moto, kazi inaendelea. Ukiwa mkavu, rundo linadai maji.

Joto hupalilia. Nyuzi 55 zikidumu siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Ndiyo sababu rundo hugeuzwa: cha pembeni nacho kipate zamu yake katikati.

Harufu ya mvua imo humo. Rundo likipoa, huonekana utando wa nyuzi nyeupe. Baadhi yake ni bakteria wa jamii ya Streptomyces. Hao hutoa jeosmini, kemikali inayoupa udongo harufu yake mvua inaponyesha baada ya kiangazi.

Jamaa hao hao walitupa dawa. Mwaka 1943, Albert Schatz wa Chuo cha Rutgers, Marekani, alipata Streptomyces griseus katika udongo wa shamba uliojaa samadi. Kutoka kwake ilipatikana streptomaisini, antibiotiki ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu.