Mwaka wa Lugha Kabla ya Masomo

Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, Moscow, kilianzishwa mwaka 1960, na mwaka 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992, likarudishwa mwaka 2023. Twakitaja kwa jambo moja limhusulo mwalimu wa Darasa la Kwanza.

Mwanafunzi mgeni asiyejua Kirusi, akikusudia kusoma kwa lugha hiyo, hapelekwi moja kwa moja kwenye fizikia au utabibu. Huanza na mwaka wa matayarisho: kwanza lugha ya bwenini na dukani, halafu istilahi za somo alilokusudia. Enzi za Usovieti aghalabu alipangwa chumba kimoja na mwenyeji, hata kuomba chumvi kukawa zoezi. (Kwa maoni yetu, chumba hicho kilifundisha kuliko vitabu vingi.)

Naye ni mtu mzima, aliyekwisha kusoma kwao miaka mingi. Mtoto wa Kimasai ajaye na lugha ya mama tu, sisi pengine twamfundisha hesabu kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, kisha twamwita mzito. Kabla ya kumwita hivyo, mpeni majuma kadhaa ya kutaja vitu huku akivishika. Mkalisheni na mwenzake ajuaye Kiswahili. Na hesabu mpimeni kwa vijiti, bila kumlazimisha kusema.